Kamio ya Shule Inakataa Kuwaka: Tupime Mbele ya Kuhukumu



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mpira, za kwaya na za usafi wa internati. Leo naomba fasi kidogo kwa jambo lingine linalosemwa kila siku chini ya mwembe, jikoni, na hata karibu na mlango wa biro: kamio yetu. Siku moja inawaka mara moja. Siku ya pili inakataa kabisa. Siku ya tatu inawaka tena, na hakuna mtu aliyeigusa. Neno langu ni moja na ninalisema tangu mwanzo: ugonjwa unaokuja na kuenda haupashwi kutafutwa kwa kukisia, wala kwa kushitaki mtu. Unapashwa kupimwa na kuandikwa. Tusipofanya hivyo tutapoteza feza, na zaidi ya feza tutavunja jina la mtu ambaye labda hana kosa lolote.

Jambo si dogo. Kamio hii njo inaleta unga, maharagi na kuni. Njo inapeleka mgonjwa hospitali usiku. Njo inapeleka wafinalisti kwenye santri ya Exetat, na Exetat haingoji kamio ya mtu. Mwaka jana batri mbili zilinunuliwa, mpya kabisa. Kisha majuma machache ugonjwa ukarudi. Sasa inasemwa kwamba kila mzazi aongeze feza kusudi demarere inunuliwe. Na wengine wanasema kwa sauti ya chini neno baya zaidi: shofere abadilishwe.

Tusikilize kwanza mazungumzo ya uwanjani. Yako ya namna tatu.

Namna ya kwanza: "Ile gari iko na batu yake." Ni kusema, imelogwa. Nauliza tu: mulozi gani huyu ambaye kazi yake inabadilika kufuatana na mvua, joto la motere na kutu ya waya? Kitu kinachofuata joto na maji kiko na sheria, na kitu kilicho na sheria tunaweza kukifundishwa darasani.

Namna ya pili: "Shofere njo anajifanyisha. Anauzisha mazutu, kiisha anasema kamio imekataa." Wanaosema hivi wako na ushuhuda wao: kila mara Bwana Prefe anaposhuka kuangalia, kamio inawaka kwa mara ya kwanza. Nitaonyesha chini kwamba ushuhuda huo hauna nguvu.

Namna ya tatu: "Imezeeka, iuzwe." Hapa kuna kipande cha ukweli. Kamio yetu ni ile Mercedes ya pua ndefu, 1113. Hesabu hiyo yenyewe inasema kitu: 11 ni tani karibu 11 za uzito wote pamoja na mzigo, na 13 ni nguvu ya farasi karibu 130. Motere yake ni ya silinda sita, ya mazutu. Ndiyo, ni ya zamani. Lakini uzee wake ni faida pia, kwa sababu haina ordinateri inayoficha mambo. Kutoka batri mpaka demarere, mtu anaweza kufuata waya kwa kidole. Uzee unaleta kutu, bulo zilizolegea, na shaba iliyoungua. Hayo yote yanaonekana ao yanapimika. Kuuza mashini kwa sababu hatukutaka kuipima ni sawa na kumfukuza mwanafunzi kwa sababu hatukutaka kusahihisha egzameni yake.

Basi tufanye namna gani? Ulizo la kwanza ni jepesi na halilipiwi hata franka moja: kamio inapokataa, motere inazunguka ao haizunguki? Sikia vizuri. Mtu anayesema tu "imekataa" hajasema kitu bado. Kuna kukataa kwa namna nne. (1) Kimya kabisa unapogeuza ufunguo. (2) Sauti moja, "ta!", kiisha kimya. (3) Motere inazunguka lakini pole pole, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. (4) Motere inazunguka kwa mbio, lakini haishiki moto. Namna tatu za kwanza ni mambo ya umeme. Ya nne kwa kawaida ni mambo ya mazutu. Anayechanganya hizi nne atanunua batri kwa kuponya filtri.

Tuanze na umeme, maana hapo njo kuna uongo mkubwa unaodanganya watu. Utasikia: "Taa zinawaka muzuri, basi batri na waya viko sawa." Wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita, fungueni kayee zenu za fizike. Sheria ya Georg Ohm, iliyotolewa mwaka 1827, inasema volti zinazopotea katika waya ni sawa na rezistansi mara amperi. Kamio yetu iko na batri mbili za volti 12 zilizounganishwa kufanya volti 24. Tuseme kuna bulo moja ya batri iliyoshika kutu, na kutu hiyo inaleta rezistansi ya 0,03 ohm tu. Taa mbili za mbele, za wati 60 kila moja, zinakula amperi 5. Volti zinazopotea: 5 mara 0,03, ni kusema 0,15. Hakuna jicho linaloweza kuona tofauti hiyo. Lakini demarere ya kamio inaweza kula amperi 200 na kupita. 200 mara 0,03 ni volti 6! Kati ya volti 24 zinabaki 18, na hatujahesabu bado zile ambazo batri yenyewe inapoteza inapofanya kazi nguvu. Bulo ileile, kutu ileile: kwa taa si kitu, kwa demarere ni ukuta. Taa haidanganyi kwa kusudi; tunaiuliza jambo lisilo lake.

Hata hivyo taa inaweza kutusaidia tukiiuliza vizuri. Washa taa za mbele, mtu mmoja asimame mbele aziangalie, mwingine ageuze ufunguo. Taa zikififia sana ao kuzimika, nguvu haitoki vizuri kwenye batri: batri imechoka, ao bulo na waya kubwa ziko na kutu, ao demarere imekwama na inavuta kupita kipimo. Taa zikibaki na nguvu na hakuna sauti yoyote, umeme mdogo wa kuamuru haufiki kwa demarere: tazama ufunguo wa kontakti, rele kama iko, na waya nyembamba inayofika kwenye demarere, ile inayoandikwa 50. Taa zikibaki na nguvu na "ta!" ikasikika, amri imefika, lakini shaba za ndani, zinazopashwa kupitisha amperi nyingi, zimeungua ao makaa ya demarere yamekwisha. Kipimo hiki ni cha dakika moja. Hakiponyi, lakini kinaonyesha upande wa kutafuta.

Kiisha multimetri inaingia. Batri ya volti 12 iliyojaa, ikipumzika usiku mzima, inaonyesha karibu 12,6. Ikiwa karibu 12,0 inabaki na kidogo sana. Pima kila batri peke yake, maana zikiwa zimefuatana, moja iliyokufa inafunga njia ya nzima. Motere ikizunguka na alternateri ikifanya kazi, batri zote mbili pamoja zinapashwa kuonyesha volti 27,6 mpaka 28,8 hivi. Kama hazifiki hapo, ununue batri kila mwezi, zitakufa kila mwezi. Hii njo hatari ya ile feza ya mwaka jana: hakuna aliyepima kama alternateri inarudisha deni.

Kiisha kipimo ambacho watu wengi hawakijui. Weka ncha moja ya multimetri juu ya risasi yenyewe ya batri, si juu ya kifungo chake, na ncha nyingine kwenye bulo kubwa ya demarere. Mtu ageuze ufunguo. Kile kinachoonyeshwa ni volti zinazopotea njiani. Nusu volti hivi, inavumilika. Mbili ao tatu, mwizi amekamatwa, na hajulikani kwa jina la mtu: ni waya. Rudia vilevile upande wa masi, kutoka kwenye risasi ya kutoa mpaka kwenye mwili wa demarere. Hapo pia wengi wanasahau. Motere inakaa juu ya kaucho, na kaucho haipitishi umeme. Ni ule mkanda wa shaba kati ya motere na shasi unaofunga duara. Mkanda ukikatika nyuzi nyingi na kubaki na chache, kamio itakubali leo na kukataa kesho, kufuatana na namna motere ilivyotikisika ilipozimwa.

Hapa tumefika kwenye kiini: juu ya nini ugonjwa unajificha? Natoa sababu nne, na hakuna hata moja inayoomba mulozi ao mwizi.

Kwanza, joto. Rezistansi ya shaba inaongezeka karibu 4 kwa 100 kila digri 10 za joto. Bobini ya demarere ikiwa na joto la digri 60 zaidi kuliko asubuhi, rezistansi yake imepanda karibu robo. Kama ufunguo wa kontakti umekwisha kidogo, volti zinazofika zilitosha asubuhi lakini hazitoshi kisha safari. Ngoja saa moja, demarere ipoe: inawaka. Na saa moja njo wakati shofere anaotumia kutembea kwa miguu mpaka shule, kuita mkubwa, na kurudi naye. Mkubwa anafika, kamio imepoa, inawaka. Shofere anaonekana mwongo. Munaona sasa?

Pili, kutikiswa. Mtu anafungua kifuniko cha batri, anagusa waya, anaikaza kwa mkono "kuangalia tu". Kutu inakwaruzwa, umeme unapita. Anasema: "Haina kitu." Kumbe amekiponya kwa siku tatu bila kujua.

Tatu, meno. Nyuma ya motere kuna gurudumu kubwa la meno, ambalo demarere inaling'ata kwa kulizungusha. Motere ya silinda sita inapozimika haisimami fasi yoyote. Kwa kawaida inasimama katika moja ya fasi tatu, zilezile. Kwa hiyo meno ya fasi hizo tatu njo yanakula taabu yote ya miaka. Yakiwa yameisha fasi moja na fasi mbili bado nzima, kamio itakataa mara moja na kukubali mara mbili, na hakuna mtu anayejua kwa nini. Dalili yake: demarere inalia kwa kukwaruza ao kuzunguka bure, na ukiingiza vitesi, kontakti ikiwa imefungwa, ukasukuma gari kidogo tu, kisha ukarudisha vitesi katikati, inashika.

Ine, makaa ya demarere. Yakiwa mafupi, yanagusa leo na hayagusi kesho. Ndiyo sababu kupiga demarere na nyundo kunasaidia. Wengi wanasema nyundo ni dawa. Hapana: nyundo ni dalili. Ikisaidia, imekuambia kwamba ugonjwa uko ndani ya demarere ileile, na hapo, kwa mara ya kwanza, kununua makaa kunapata maana. Tazama pia bei: makaa si demarere nzima.

Na upande wa mazutu? Motere ya Diesel haina bujia. Inakandamiza hewa mara 15 mpaka 20, hewa inakuwa moto kupita digri 500, na mazutu yanashika yenyewe. Kwa hiyo demarere ikizungusha pole pole, joto linakimbia kwenye chuma na mazutu hayashiki, hata yakiwa safi. Usiseme haraka "ni pompi". Lakini motere ikizunguka kwa mbio na bado inakataa, tafuta hewa ao maji ndani ya njia ya mazutu. Tuyo iliyopasuka kidogo haitoki mazutu nje, inavuta hewa ndani, zaidi sana kamio ikilala usiku mzima juu ya mtelemko. Ukipiga pompi ya mkono mara nyingi na inawaka, jibu liko hapo. Maji yako chini ya filtri, yatolewe. Tazama moshi pia: motere ikizungushwa na hakuna moshi hata kidogo, mazutu hayafiki. Mbele ya yote, tazama kama kamba ya kuzimisha motere imerudi mpaka mwisho. Ikibaki katikati, pompi inabaki imefungwa.

Najua watu watanijibu. Wa kwanza atasema: "Tunapita na kusukuma, hakuna matata." Matata iko. Kamio nzito inayotumia breki za hewa, ikiwa motere imezimika na hewa imekwisha, haina breki yake ya kawaida. Kuitelemusha na wanafunzi wakiwa nyuma na pembeni ni kucheza na miguu ya watoto wa watu. Na wale wanaounganisha bulo mbili za demarere kwa tournevis, vitesi ikiwa imeingizwa, kamio itaruka mbele na kumkanyaga aliye chini. Vilevile cheche karibu na batri inayotoka kulishwa inaweza kuwasha gazi ya hidrojeni, na asidi inaruka machoni.

Wa pili atasema: "Hatuna feza ya vyombo." Multimetri ndogo ya sokoni haifiki hata kipande kidogo cha bei ya batri moja ya kamio. Ikikosa kabisa, ampuli ya volti 24 na waya mbili vinaonyesha kama umeme unafika ao haufiki. Feza tuliyokwisha kutoa mwaka jana ilinunua batri; haikununua jibu.

Wa tatu atasema: "Shofere wetu ana miaka mingi, anajua." Ni kweli, na mimi namheshimu Baba Shofere kwa hiyo. Yeye njo anayesikia sauti ya kwanza ya kamio kila asubuhi, hakuna mwingine. Lakini anayoyasikia yanapotea hewani kwa sababu hayaandikwi. Na siku mambo yanapoharibika, anabaki na neno lake tu mbele ya neno la wakubwa. Karatasi ingemtetea.

Kwa hiyo, kwa heshima yote, ninatoa mashauri haya kwa uongozi, kwa komite ya wazazi na kwa sisi wanafunzi:

1. Kayee moja iwekwe ndani ya kamio. Kila mara inapokataa, iandikwe: siku na saa; motere moto ao baridi; mvua ao jua; ilikuwa imesimama juu ya mtelemko ao fasi sawa; namna gani ya zile nne; taa zilifanya nini; na kile kilichofanya iwake tena.

2. Bulo zote za batri na za masi zifunguliwe, zisafishwe mpaka chuma kingae, zikazwe, zipakwe grisi. Kazi ya nusu siku. Masi ifunguliwe kwanza na kufungwa mwisho, kusudi ufunguo usipige cheche.

3. Mwalimu wa fizike aombwe kufanya vipimo pamoja na mwaka wa sita, shofere akiwa mwenye kuongoza. Sheria ya Ohm haikuandikwa kwa ubao tu.

4. Kisipimwe, kisinunuliwe. Demarere isinunuliwe mpaka kipimo kiseme demarere. Na chombo cha zamani kinachotolewa kionyeshwe kwa komite, kisipotee.

5. Mazungumzo juu ya kubadilisha shofere yasimame mpaka kayee hiyo ijazwe mwezi mzima.

Shauri la tano ni la lazima kwangu kupita yote. Waya tunaweza kununua nyingine. Mtu aliyeitwa mwizi mbele ya watoto wa shule, hata ukimwomba musamaha kisha, jina lake linabaki na alama. Kamio haiwezi kujitetea wala kushitaki. Ni sisi tunaoweka maneno kinywani mwake. Basi tuiulize kwa vipimo, tuandike majibu yake, na ile bulo ao waya ao jino litakalopatikana na kosa, hilo njo libadilishwe.

Anayeona vingine aandike katika namba inayokuja. Ukurasa uko wazi.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita, Sayansi